Kompyuta Iliyonikatalia Ndiyo

6 Aprili

Mdogo wangu Bisibisi,

Mungu ametuamsha wote leo na hakuna anayelalamika isipokuwa mume wangu, na wewe unajua kulalamika ndiyo afya yake. Shemeji yako bado yuko na karakana yake. Ana oda ya madawati, na vumbi la mbao linaingia mpaka kwenye kopo la chumvi. Binti yetu amejifungua mtoto wa pili, wa kike. Nimekwenda kumshika. Ana sauti ya mnadi, na wanasema anafanana na mama yetu kabisa. Mimi mzima. Macho yana ukungu kidogo nikiamka na nikitoka juani, ni umri tu, usianze.

Haya, jambo lenyewe. Unajua nina miaka ishirini na sita kwenye ofisi ya kanisa. Matangazo ya ibada, vyeti vya ubatizo, barua za kuwaombea watu kazi, vyote vimepita kwenye vidole hivi. Sasa ile kompyuta imechoka. Fundi wa mjini alikuja akaitazama kama anatazama maiti, akasema mfumo wake hautibiwi tena na mpya hautaingia kwenye mashine ya umri huo. Mwenyekiti wa kamati, yule tunayemwita Saa Mbovu kwa kuwa hafiki popote kwa wakati, akadakia hapo hapo.

"Basi kazi ipelekwe duka la chapa mjini. Na mama wa ofisi apumzike, amefanya mengi."

Nikamwambia, "Mzee, mimi sijasema nimechoka. Aliyechoka ni kompyuta."

Mchungaji akacheka, lakini uamuzi ukawa huu: mashine isipofanya kazi ifikapo kikao cha tarehe 30 Juni, natolewa. Wewe ulinisimulia zamani habari za Linux, kwamba ni mfumo wa bure na hufufua mashine kuukuu. Nifundishe. Simu yako haipatikani, ndiyo maana naipiga barua hii kwa taipureta yangu ya zamani, ambayo haijawahi kuniambia hautibiwi.

Dada yako

27 Aprili

Dada Mashine,

Barua yako imenikuta mzima, namshukuru Mungu, ila nimeota kitambi. Mpishi wa kambi hana kipimo. Simu usiihangaikie, huku mgodini mtandao uko juu ya kilima, na kitambi hiki hakipandi kilima. Mpongeze binti yetu. Kama mtoto kweli kafanana na mama, basi nyumba ile imepata msimamizi.

Na huyo Saa Mbovu umwambie dada yangu hapumzishwi, hupumzika mwenyewe akipenda.

Sikiliza. Linux ni kama unga mmoja wenye wapishi wengi. Kila mpishi anakupakulia kwa namna yake, na tofauti unaiona tangu kwenye kuiweka. Nakutumia flashi tatu kwa basi. Yenye utepe wa kijani ni Mint, ya buluu ni Fedora, nyekundu ni Debian. Zijaribu kwa mpangilio huo, kuanzia laini kwenda ngumu. Ipo na ya nne inaitwa Arch, hiyo haikusalimii hata. Inakuwashia skrini nyeusi na kukungoja useme unachotaka. Hiyo nimekunyima, maana mtagombana, na wewe hushindwi.

Vyeti na matangazo ya zamani nakili kwanza pembeni. Maana mwishoni zote zitauliza: nifute diski? Ukisema ndiyo, imefutika.

Hayo macho umeyaonyesha kwa daktari?

Bisibisi

20 Mei

Mdogo wangu,

Salamu za hapa ni nyingi kuliko karatasi. Shemeji yako amejigonga kidole gumba kwa nyundo na sasa anataka kuhurumiwa kama mzazi. Flashi tumezipokea na barua tumeisoma. Tepe zako za rangi ni urembo, lakini nimemwambia azifunge uzi: Mint fundo moja, Fedora mawili, Debian matatu. Ndivyo inavyonirahisikia.

Sasa sikia hukumu yangu.

Mwenye fundo moja ni mkarimu. Anakupeleka sebuleni kabla hujaamua lolote, eti jaribu kwanza, ukipenda ndiyo uniweke. Shemeji yako alisimama nyuma yangu akasema, "Hii nzuri." Tatizo ni kwamba pale sebuleni kuna kipicha cha kubofya mara mbili ndipo kazi ianze, na baada ya kukukaribisha mwenyeji ananyamaza kimya, hakuelekezi. Nimetembeza mausi mpaka kiganja kikauma. Nikabofya, kikafunguka kikokotoo. Nikabofya tena, vikafunguka vikokotoo viwili.

Mwenye mafundo mawili ana mtindo mwingine. Anakuwekea ukurasa mmoja wenye milango, huku lugha, huku saa, huku diski, uingie unakotaka kwanza. Kuna mahali umeacha kitu, basi kitufe cha kuendelea hakikubali mpaka urudi. Mimi nimezoea fomu inayoanza juu ikashuka chini, siyo nyumba yenye milango minne na mimi niko uani. Nimeizima.

Daktari nitamwona nikipata nafasi. Nilikuwa na wiki ya vyeti.

Dada yako

2 Juni

Dada Mashine,

Nimecheka mpaka mhandisi akaja kuuliza kuna nini. Umeshindwa na Mint! Mint ndiyo ninayompa mpishi wa kambi, mtu anayeandika kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe kina mafuta. Wewe uliyekuwa unapiga chapa maneno sitini kwa dakika huku unaongea na wageni! Na mafundo ya nini? Unasafiri na hizo flashi gizani?

Haya, imebaki Debian. Huyu anauliza maswali kama baba wa binti anayechumbiwa: lugha gani, nchi gani, kibodi gani, mashine utaiitaje, wewe unaitwa nani, diski niifanyeje. Wengi wanamkimbia, lakini mimi namheshimu. Anauliza moja baada ya jingine, hakuruki.

Utaiwasha, itatoa mlio, kisha itakuja orodha. Chagua mstari wa juu kabisa, ule wa madirisha. Huko chini utaona na njia nyingine, ya kubonyeza herufi s, inayosoma kila kitu kwa sauti. Hiyo ni ya wasioona, iruke.

Zimebaki wiki nne. Nakuombea. Na hujanijibu kuhusu daktari, usidhani sioni.

Bisibisi

l5 Juni

Mdogo wangu,

Bwana asifiwe, tumepata mfumo. Shemeji yako anakusalimu, kidole kimepona ila hadithi yake bado. Mjukuu amepata jino.

Huyu mwenye mafundo matatu ndiye wangu, wala simtaki mwingine. Amekaa nami kama mwalimu wa ubatizo: swali, jibu, swali, jibu. Kiingereza chake cha puani, lakini ni mvumilivu. Nikichelewa ananingoja. Nikikosea anarudia. Mashine nimeiita Subira. Nilifurahi mpaka nikaimba.

Halafu nikakwama. Unajibu kwa namba, na kila nikichagua jibu la kwanza anakataa, anasema si sahihi. La pili anakubali. La tatu anakubali. La kwanza hapana! Kwenye diski nikavumilia, nikachukua la pili, likakubali. Tukafika kwenye swali la mwisho, niandike kwenye diski au nisiandike, na hapo ndiyo ni ya kwanza na hapana ni ya pili. Nimesema ndiyo mara kumi na tisa, mara zote amekataa. Nikisema hapana, anapokea kwa furaha na kunirudisha nyuma. Sijawahi kuona kitu kinachonitaka niseme hapana tu. Nimepiga magoti nikaomba, nikainuka, nikasema ndiyo. Akakataa.

Shemeji yako anasema labda mashine imejua mimi ni mke wa mtu.

Kikao ni wiki mbili zijazo. Jibu upesi, mdogo wangu. Safari hii sitanii.

Dada yako

22 Juni

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi nitazileta barua nyingine, hii naiwahisha basi.

Kwanza, ugonjwa wa mashine. Haina ugonjwa. Wewe ulijifunza kwenye taipureta isiyo na namba moja. Mwalimu wenu aliwafundisha kuandika herufi l badala yake, na mpaka leo ndivyo vidole vyako vinavyofanya. Angalia tarehe ya barua yako: si kumi na tano, ni l na tano. Mimi nimezizoea tarehe zako tangu utoto hata sizioni. Kwenye karatasi inapita. Kompyuta haina uungwana huo, ukiiambia l inasikia l. Peleka kidole cha kushoto juu kabisa, mwanzo wa safu ya namba, baada ya kitufe cha pembeni. Hiyo ndiyo moja. Utasema ndiyo, itakubali.

Sasa la pili. Shemeji, najua ni wewe unayesoma. Soma na hili, usiliruke, na akikunyang'anya karatasi mwache, hataweza kuendelea mwenyewe.

Dada, kwenye mstari wa madirisha niliokuelekeza mtu habonyezi namba. Anachagua kwa mausi. Namba huandikwa kwenye njia moja tu kati ya zote nilizokutumia, ile ya herufi s. Niliposoma "anasema si sahihi" nilidhani ni kusema kwa maandishi. Kumbe anasema kweli. Ndiyo maana Kiingereza chake ni cha puani. Ndiyo maana Mint alikuwa bubu kwako. Ndiyo maana ya mafundo. Na ndiyo maana umempakata mjukuu wako mwenyewe ukaniandikia "wanasema" anafanana na mama.

Sikucheki. Nilikucheka kwenye barua iliyopita na ninajuta kila neno, hasa lile la gizani.

Kuna jambo sijakuambia miaka tisa. Mama aliniambia mimi kwamba haoni. Nilikuwa namsomea barua zako, akasema miwani imevunjika. Baadaye akasema ukweli, akaniapisha nisikuambie, maana utakuja mbio na kumpeleka hospitali. Nikanyamaza miaka mitatu. Wewe unaamini kisu cha madaktari ndicho kilichomaliza macho ya mama. Mimi ndiye niliyeongea na daktari. Alisema mtoto wa jicho angetoka vizuri, lakini nyuma yake kulikuwa na presha ya jicho iliyokuwa imekula mshipa polepole, na kama angeletwa miaka mitatu mapema angeona. Miaka mitatu, Dada. Ile ile niliyonyamaza mimi.

Sitanyamaza tena kwa ajili ya mtu. Nenda.

Mdogo wako

20 Julai

Dada,

Wiki nne kimya. Basi limekuja mara nane, na mara nane nimesimama pale kama mtu aliyepoteza mzigo. Sijui kama mashine ilisema ndiyo. Sijui kikao kilisemaje. Sijui kama umenikasirikia kwa ajili ya mama au kwa ajili ya macho.

Kasirika, una haki. Lakini kasirika kwa barua. Hata mistari miwili. Hata shemeji aandike, na yeye anavyoandika kama anayepiga misumari.

Mdogo wako

9 Agosti

Mdogo wangu,

Sote tuko hai, na shemeji yako amekataa katakata kuandika. Anasema kazi yake kusoma, na hata hiyo hakuomba.

Nilikasirika. Siku ulipofika ukweli wako nilitoka nikaenda kukaa karakanani katikati ya vumbi mpaka akaja kuniita mara tatu. Nilikasirika kwa mama, kisha kwako, kisha kwangu, na huko kwangu nilikaa muda mrefu zaidi. Miaka yote hii kila nikiomba nilikuwa nawaombea madaktari wale wasamehewe. Sasa sijui nimwombee nani. Nimekuombea wewe, basi. Hasira imetulia. Tusiirudie kwa barua, tutairudia tukikaa.

Mashine ilisema ndiyo. Jumamosi, siku mbili kabla ya kikao. Nilipeleka kidole kule juu pembeni ulikosema, nikabonyeza, nikasikia mashine inaanza kuhesabu asilimia kwa pua yake, nikalia kama mjinga. Chini ya saa moja ilikuwa tayari. Na sauti haikuondoka. Kumbe ukimweka huyu kwa njia ya sauti, anaendelea kukusomea hata baada ya kuingia. Nilipiga matangazo yote ya Jumapili, akanisomea, nikasahihisha makosa mawili ambayo zamani yangetoka.

Kikao sasa. Walikuja wote ofisini kuitazama, Saa Mbovu akiwa wa mwisho. Nikakaa, nikaandika, ikasema.

"Mbona inaongea?" akauliza yeye.

Bisibisi, nilikuwa na jibu tayari. Nilitaka kusema ndivyo zilivyo za kisasa. Lakini nilikuwa ndani ya nyumba ya Mungu, na mchungaji amesimama mlangoni, na neno lako la miaka mitatu liko kifuani. Nikasema, "Inaongea kwa sababu sioni maandishi. Mwaka na nusu sasa. Vidole vinajua, macho hayajui."

Nikangoja aseme, si niliwaambia apumzike. Alivuta kiti, akakaa karibu yangu.

"Mama, yale matangazo ya mwaka huu, wino ulikuwa hafifu?"

"Wino haujawahi kuwa hafifu, mzee. Wino naujua kwa harufu."

"Mimi nimekuwa siyasomi," akasema. "Nikisimama mbele nasema ninayoyakumbuka. Jumapili moja nilimtangaza marehemu kuwa bwana harusi. Nilifikiri ni chapa yako imeharibika. Ndiyo maana nikataka duka la mjini, wana herufi kubwa."

Nilicheka, mdogo wangu. Nilicheka mpaka wajumbe wakaanza, na yeye mwenyewe akaanza. Nilikuwa nimemwombea huyu mtu ahamishwe usharika! Mchungaji akafunga kikao kwa sala fupi, na hakuna aliyekumbuka ajenda. Nimebaki ofisini. Kazi ni yangu mpaka nitakaposema mwenyewe, na imeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, nimezipiga mimi.

Basi ndivyo mimi na mwenyekiti tulivyokwenda kliniki ya macho, wiki iliyopita, shemeji yako akiwa katikati ametushika mikono kama anavuka na watoto. Mimi nina mtoto wa jicho, yote mawili. Presha wameipima, iko juu kidogo, wamenipa dawa ya matone, na daktari amesema nimekuja bado mapema. Nilimwambia arudie. Akarudia. Yeye Saa Mbovu ana mtoto wa jicho tu, la kulia bovu zaidi.

Tumepangiwa siku moja, Alhamisi tarehe kumi na nne, saa mbili asubuhi, tukiwa wa kwanza na wa pili. Nakwambia kweli, naogopa. Nikifumba macho namwona mama anatoka mlangoni akipapasa ukuta. Nimeomba ujasiri, nikapewa kiasi cha kufika mpaka benchi. Wa kuingia ndani bado naomba, na wewe ombea hapo hapo, usitawanye.

Wakati tunapewa namba nilimwambia mwenyekiti atangulie yeye. Nataka nikiwa pale kwenye benchi nisikie kama atapiga kelele. Yeye anadhani ni heshima.

Dada yako